Jiandikishe kwa Daktari Ungali Mzima

(Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa kwenda kusoma nje ya nchi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Masheikh wetu, assalaam aleikum. Mapadri na wachungaji mliokuja na vijana wenu, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Vijana wangu, hamjambo? Mbona sauti ndogo? Hamjambo?

Haya, sasa nimewasikia.

Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, kwa hiyo safari si jambo geni kwetu. Mimi ni muuguzi. Kazi hii nimeifanya hapa nyumbani, na nimeifanya Uingereza, katika kituo cha afya kilichokuwa kikihudumia wanafunzi wa chuo, wengi wao wageni. Walinijia Wachina, Wahindi, Wanaijeria, na mara mojamoja akaingia kijana akataja jina la ukoo, nikajua huyu kwao ni Pangani au Lushoto. Niliyoyaona pale ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Naomba niwaulize wazazi. Mtoto amepata nafasi ya chuo. Mmeulizia ada? Mmeulizia viza? Mmeulizia chumba, tiketi, koti la baridi? Vizuri sana. Sasa, nani humu ndani ameuliza: mwanangu akiugua kule usiku wa manane, atakwenda wapi? Nyoosheni mikono. Naona mikono michache.

Hapa hatuulizi kwa sababu tunajua. Ukiugua Ngamiani unakwenda zahanati ya jirani, ikishindikana unapelekwa hospitali ya Bombo, na yuko shangazi atakayekaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe. Duka la dawa liko barabara ya pili na muuzaji anakujua kwa jina. Kule shangazi hayupo. Kuna utaratibu, na utaratibu humfaa aliyejitambulisha mapema, humtesa aliyefika akiwa hoi. Mvuvi wa Sahare huitia mashua kalafati ikiwa imepwelewa pwani. Hangoji afike mkondo wa Pemba. Na nyinyi matibabu yashughulikieni hivyo hivyo: wiki ya kwanza, mkiwa wazima, kabla hamjaanza kuzunguka mji na kupiga picha.

Nianze na fedha, maana hofu ya fedha ndiyo inayowalaza watoto wetu vitandani wakiwa wagonjwa.

Anayeomba viza ya kwenda kusoma Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hulipa ada ya afya papo hapo anapoomba viza. Tangu Februari 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 470. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6 huhesabiwa nusu. Kwa kuwa viza huongezewa miezi kadhaa mwishoni mwa kozi, mwenye shahada ya uzamili ya mwaka 1 hujikuta akilipa pauni 1,164, na mwenye shahada ya kwanza ya miaka 3 pauni 2,716. Wazazi, hizo ni zaidi ya shilingi milioni saba. Najua humu yuko mzee aliyeuza kiwanja.

Sasa sikilizeni. Ukishaitoa fedha hiyo na viza ikatoka, umeingia katika huduma ya afya ya taifa lile, ile NHS iliyoanzishwa mwaka 1948. Kumwona daktari wa familia, hulipi. Kulazwa, hulipi. Kupasuliwa, hulipi. Hiyo si sadaka wala fadhila ya mtu. Mmeilipia.

Alikuwapo kijana mmoja wa mkoa huu huu. Jina lake nalihifadhi, na mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Tumbo lilianza kumuuma Ijumaa. Hakuwa amejiandikisha kwa daktari yeyote kwa kuwa alidhani kujiandikisha ndiko kuanza kudaiwa. Akanywa maji ya moto, akanywa Panadol alizotoka nazo nyumbani. Jumamosi akampigia mama yake, akamwambia ana uchovu kidogo tu. Jumapili jirani yake wa bwenini, Mghana, akamkuta amejikunja sakafuni, akaita gari la wagonjwa. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alilazwa muda mrefu, mitihani ya muhula ule ikampita. Alipokuja kwangu baadaye kubadilishwa bandeji, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa: “Dada, bili inakuja lini?”

Hapakuwa na bili. Baba yake alikuwa ameshalipa kabla mtoto hajapanda ndege, na risiti ilikuwa kwenye barua pepe ya kijana mwenyewe.

Nani alimfundisha kijana yule kunyamaza? Ni sisi. Tunawalea watoto wawe wavumilivu, nao uvumilivu ni sifa njema, lakini wahenga wetu hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana, ukiwa ugenini ukiumwa, sema. Usimwambie mama peke yake, maana mama yuko Makorora na hawezi kukushika paji la uso. Mwambie mwenye dawa.

Kujiandikisha kwenyewe ni kwenda kituo cha daktari wa familia kilicho karibu na unapoishi, au kuingia kwenye tovuti yake, ukajaza fomu. Kwa England, ile sehemu kubwa ya Uingereza, mwongozo wa NHS uko wazi: kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kukukatalia. Mtu wa mapokezi akikuambia ukalete bili ya umeme, na wewe una siku mbili tu tangu ufike, usigeuke ukaondoka. Omba kwa adabu kuongea na msimamizi. Namba 111 ni ya ushauri, saa zote. 999 ni ya hali ya roho mkononi. Lugha ikikushinda, omba mkalimani, hailipiwi. Dada unayetaka kuonwa na daktari mwanamke, liseme unapochukua miadi, usingoje hadi umeshakaa kitini. Na anayejali kama kidonge kina jelatini ya nguruwe amwulize mfamasia. Ni swali wanalolijua vizuri.

Dawa za kuandikiwa, England hulipiwa: mwaka 2025 ilikuwa pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazilipiwi. Mwenye kipato kidogo kuna fomu iitwayo HC1 ya kuomba nafuu ya dawa, meno na macho, na wanafunzi wengi wanamaliza chuo bila kuisikia. Meno yana gharama yake na foleni yake, kwa hiyo jino linalokusumbua lishughulikie hapa Tanga kabla ya safari. Na sahauni habari ya kuingia duka la dawa ukasema nipe amoksilini vidonge kumi. Bila cheti cha daktari hupati.

Anayekwenda kwa kozi ya miezi 6 au pungufu halipi ile ada, na haki zile hana. Huyo akate bima kabla hajaondoka.

Je, wasiokwenda Uingereza? Kila nchi na desturi yake, na hapa nitapita haraka kidogo.

Mnalijua lile jengo la kale la Wajerumani pale Bombo. Nchi ya waliolijenga ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, enzi za kansela wao Bismarck, na mpaka leo hawana mchezo na jambo hilo. Huandikishwi chuo bila uthibitisho wa bima. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi. Aliyevuka 30 hesabu yake ni nyingine, kwa hiyo nyinyi mnaokwenda kwa uzamivu mkiwa watu wazima, ulizeni chuo kwanza kabla ya kununua bima rahisi mtandaoni, maana mwanafunzi akishaomba kusamehewa bima ya umma, harudi tena katika bima ile mpaka amalize masomo. Kule dharura ni 112, na daktari wa usiku au wa mwisho wa wiki ni 116117.

Uturuki, mwanafunzi wa kigeni ana miezi 3 tangu siku ya kuandikishwa chuo kwa mara ya kwanza kuomba kuingia katika bima ya afya ya serikali. Miezi 3. Ikipita, haki hiyo imekupita kwa masomo hayo. China, vyuo vingi huwakatia wageni bima ya yuan 800 kwa mwaka, lakini hospitalini mara nyingi unatoa fedha kwanza, halafu unadai. Weka akiba ya dharura, na usitupe karatasi hata moja.

Marekani inataka maneno zaidi. Kule mwanafunzi mgeni hategemei serikali. Anategemea bima, na aghalabu chuo ndicho kinachomlazimisha kuwa nayo. Binti wa rafiki yangu aliteguka kifundo cha mguu akicheza mpira wa kikapu, saa nane mchana, siku ya kazi. Kliniki ya chuo ilikuwa wazi, hatua chache kutoka uwanjani, na ada yake alishailipa. Wenzake wakampakia kwenye gari mpaka idara ya dharura ya hospitali kubwa. Akapigwa picha, akafungwa bandeji, akarudi. Bili iliyokuja ilizidi kodi ya chumba chake ya miezi miwili, na bima ikalipa sehemu tu. Kwa nini? Kwa sababu bima nyingi za kule zina kiasi ambacho lazima ukitoe mfukoni kwanza kabla zenyewe hazijaanza kulipa. Zina mchango wako kila unapomwona daktari. Na zina orodha ya hospitali zilizofunga nazo mkataba. Ukitoka nje ya orodha, unalipia zaidi. Mambo hayo matatu yaulizeni siku mnayopewa kadi: natoa kiasi gani kwanza, nachangia kiasi gani kila mara, na nitibiwe wapi.

Lakini nisije nikawatia hofu ikawaua. Kama kifua kinabana, kama damu haikatiki, kama mtu amepoteza fahamu, piga 911, usifikirie bili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kukupima na kukutuliza hata kama huna senti. Deni hujadiliwa baadaye. Wengi hupunguziwa wakiomba na wakilipa kidogo kidogo.

Kuna jambo moja hapa ni zito, na nalisema kwa heshima ya wazee waliomo. Anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana wanafunzi na wasomi, anatakiwa na kanuni kuwa na bima yenye angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kumrudisha nyumbani, na dola 25,000 za kurudisha mwili. Nyote mmewahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kumleta marehemu kutoka ughaibuni. Nyote. Kabla ya kuanza kuchangishana, mtu aulize: bima yake ilisemaje? Na kijana, kabla hujaondoka, mwachie mzazi nakala ya bima hiyo. Si uchuro. Ni kumwondolea mzazi mzigo juu ya msiba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nikilitaja sauti yangu hupanda.

Malaria.

Mtoto amezaliwa Muheza. Ameugua malaria utotoni, akapona, akaugua tena, mwili wake ukajenga kinga ya kiasi fulani. Anakwenda nchi ya baridi, anakaa miaka miwili, na kinga ile inapungua. Anarudi likizo, anakula machungwa ya kwao, analala bila chandarua kwa sababu anajiona mwenyeji. Anarudi chuoni. Siku kama kumi zikipita, homa. Mwili unauma, kichwa kinagonga. Anakwenda kwa daktari ambaye pengine hajamwona mgonjwa wa malaria tangu atoke chuo, tena ni msimu wa mafua, na chumba cha kusubiria kimejaa watu wenye homa. Anaambiwa kapumzike, unywe maji mengi.

Wazee wangu, hapa kwetu kila homa hushukiwa malaria. Kule homa yako inaweza kushukiwa kila kitu isipokuwa malaria. Na malaria ya kwetu, ile aina kali iitwayo falsiparamu, haina subira. Siku mbili tatu zinatosha kumfikisha mtu pabaya.

Binti mmoja aliletwa kituoni kwetu mara ya pili ndani ya wiki hiyo hiyo. Midomo imemkauka, ukimuuliza anachelewa kujibu. Nikamgeukia nikamuuliza kwa Kiswahili: “Mwanangu, nyumbani umetoka lini?” Akasema wiki iliyopita. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, naye hakujua kwamba lilikuwa jambo la kusema. Tulimkimbiza hospitali saa ile ile, kipimo kikaonyesha falsiparamu, akawekewa dawa ya mshipani. Alipona. Lakini je, zamu ile ingekuwa ya mtu asiyeijua Afrika Mashariki?

Kwa hiyo msingoje kuulizwa. Vijana, semeni pamoja nami, kwa sauti: “Nimetoka Tanzania. Kwetu kuna malaria. Naomba nipimwe malaria leo.” Tena! “Nimetoka Tanzania. Kwetu kuna malaria. Naomba nipimwe malaria leo.” Mkifika kwenye ndege, lisemeni kwa lugha ya mnakokwenda mpaka liwakae mdomoni.

Dalili huanza mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na mwezi baada ya kung'atwa, lakini huweza kuchelewa zaidi, kwa hiyo homa yoyote katika mwaka wa kurudi kutoka nyumbani, itaje Tanzania. Kipimo kikisema hakuna na homa ikaendelea, omba kirudiwe. Usijitibu na dawa mseto za kwenye begi ukajifungia chumbani. Na mkija likizo, laleni ndani ya chandarua, na kabla ya kuja muulizeni daktari wa kule habari ya dawa za kinga. Wazazi, mtoto akirudi likizo msimcheke akiomba chandarua. Mtandikieni.

Daktari wa kule hamjui kijana wako. Hana faili lake la Bombo. Basi faili lisafiri naye: kundi la damu, mzio alionao, chanjo alizopata, upasuaji aliowahi kufanyiwa. Mwenye sikoseli, barua ya daktari iwe mkononi, si kwenye begi la mizigo, na ajue kwamba baridi huweza kumchokozea maumivu. Nguo nzito kwake ni sehemu ya tiba. Mwenye pumu na mwenye kisukari vivyo hivyo. Kadi ya njano ya homa ya manjano, tangu mwaka 2016, ni ya maisha. Usikubali kuambiwa ilipe upya kwa sababu imepita miaka 10. Waendao Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu kwa ajili ya viza, Dar es Salaam. Ile picha ya kifua usiiache kabatini, nenda nayo.

Dawa zibebwe kwenye pakiti zake za asili pamoja na barua inayotaja jina halisi la dawa, si la biashara. Wengi wenu mtapitia Dubai, na dawa ya maumivu ya tramadol inadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu. Dawa aliyopewa babu kwa mgongo, msiibebe.

Na nyinyi mnaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nawasemesha nyinyi bila kumtazama mtu yeyote. Msiache masomo kwa hofu, na msiache dawa kwa hofu. Muoneni daktari wa kliniki yenu mapema, awape barua na dawa za kutosha kuwavusha mpaka mtakapopokewa kule. Ulizeni sheria ya nchi mnayokwenda. England, tiba ya VVU hailipiwi na mtu yeyote, awe na viza ya aina yoyote, tangu mwaka 2012.

La mwisho linahusu moyo. Desemba, kaskazini mwa Uingereza, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto aliyekulia Raskazone, bahari ikiwaka mbele yake, anatoka darasani gizani, anakula peke yake, analala, anaamka gizani. Wiki, mwezi. Anaanza kukosa vipindi. Mzazi akipiga simu anajibiwa salama, na anaridhika.

Wazazi, msiridhike upesi. Mwulizeni mtoto amekula na nani. Mwulizeni jana alitoka kwenda wapi. Na akiwaambia moyo umemwishia nguvu, msimjibu kwamba sala zimepungua. Sala na daktari havigombani. Nilimfahamu kijana ambaye imamu wa chuo ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mnasihi, akakaa naye mlangoni mpaka alipoitwa. Vyuo vingi vina wanasihi wasiolipiwa. Na kijana, uliyefikisha miaka 18, unayomwambia daktari ni siri yako. Hayafiki kwa baba, hayafiki kwa mwalimu, hayaendi kwenye viza kwa sababu tu umesema una huzuni. Ukifikia kuwaza kuyakatisha maisha yako, hiyo ni dharura sawa na damu inayotoka. Piga ile namba ya dharura.

Alasiri inakaribia, nisiwazuie. Nitakaa meza ile ya dirishani. Aliyekuja na barua ya chuo au karatasi za bima azilete, tuzisome pamoja mstari kwa mstari. Mama mwenye ushungi wa kijani amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Uturuki. Mpelekeeni kipaza sauti, tafadhali.